Mafuta ya Magoti Kutoka Kanada

Mama yangu ana magoti mawili na kila moja lina tabia yake. La kulia huuma asubuhi, la kushoto huuma mvua ikikaribia, na yote mawili hugoma kwa pamoja siku ya Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya jumuiya. Tunaishi Kimara, upande wa juu, na nyumba nyingi za wanajumuiya wenzetu ziko ng'ambo ya bonde. Ukitaka kusali nao lazima kwanza uteremke, halafu upande. Kwa mwanamke aliyepita miaka themanini, ambaye alifundisha shule ya msingi kwa kusimama mpaka akastaafu, bonde lile ni safari.

Niliwahi kumwambia nitamkodia bajaji. Alinitazama nikajua nimemtukana.

"Mie sitaki kupelekwa," alisema. "Nataka kwenda."

Leo yuko mzima, anakwenda kwa mkongojo, polepole, na akifika huwa anajisifu jinsi njia nzima ilivyokuwa rahisi, ingawa mimi niliyekuwa nyuma yake nimesikia kila alipoguna. Namshukuru Mungu kwa kuguna kule. Kuna mwezi mmoja ambao mambo yangeweza kwenda vingine kabisa, na kisa ni kichupa kidogo cha mafuta.

Mdogo wangu wa mwisho yuko Kanada. Ni mtoto mwema, kasoro yake ni moja tu, anaamini kila anachoambiwa na majirani zake wa huko. Siku moja akanipigia simu amechangamka.

"Sista, nimepata ufumbuzi wa magoti ya mama. Huku wazee wote wanatumia. Ni mafuta tu, ya mmea."

"Mmea gani?"

Akashusha sauti. "Bangi. Lakini si ile ya kulewesha!"

Hasira zangu ziko karibu, ingawa hazikai. Nilimuuliza kama ana akili timamu, na kama amemsahau mama aliyetuzaa, yule ambaye hata soda nyeusi huinywa kwa mashaka. Akacheka tu. Mzigo, alisema, ulikuwa umeshaondoka na Mtanzania mwenzake anayekuja likizo.

Mzigo ukafika. Chokoleti, soksi nene za baridi ambazo sijui alidhani Dar tutazivaa lini, losheni, na ndani ya soksi mojawapo kichupa cheusi chenye mrija wa kudondoshea. Nilikiondoa kabla mama hajauliza sana, nikakiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni.

"Haya ni ya magoti," nilimwambia, "lakini usiyaguse kwanza. Ngoja nisome."

"Soma, mwanangu," akasema, kwa utii ambao kwa kweli ungenishtua kama ningekuwa makini.

Sikumtajia mmea. Nilijua nikilitaja hilo neno hatasikia kitu kingine nitakachosema.

Mimi nafundisha kemia sekondari, na kwa hiyo nina ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kimetengenezwa na nini. Jioni, nikishasahihisha madaftari, nilikaa barazani na chai yangu ya tangawizi, simu mkononi, nikawa nasoma. Huo ndio niliouita utafiti wangu, na nilijivunia sana. Nilisoma makala za madaktari, nikasoma za wauzaji, nikajifunza haraka kuzitofautisha. Za wauzaji zilikuwa na picha za wazee wa Kizungu wanaocheka.

Mdogo wangu hakuwa amedanganya. Mafuta yale hutolewa kwenye mmea uleule, ila kile kinacholewesha huwa kimeondolewa, au kimebaki kidogo mno. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye chupa ni jambo jingine, maana waliopima walionya kwamba kinachoandikwa kwenye lebo na kilichomo ndani mara nyingi havilingani. Halafu nikagundua kuwa wengi waliofanyiwa uchunguzi hawakuwa watu kama mama. Walikuwa watoto wenye kifafa, au vijana wenye afya zao. Wazee walikuwa wachache, na mzee mwenye dawa tano mezani ndiye aliyeachwa nje kabisa, wakati huyo ndiye mwenye magoti. Kila makala niliyoimaliza ilimalizika kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Nilifika mahali nikawa naijibu simu kwa sauti, "Sasa fanyeni!"

Yaliyojulikana hayakunifurahisha. Mzee anaweza kusinzia mchana, akapata kizunguzungu akisimama, akaanguka. Lakini kilichonifanya niweke kikombe chini ni habari ya ini. Ini ndilo linalovunja dawa na kuzitoa mwilini, na mafuta yale yakiingia yanalishughulisha, dawa nyingine zinabaki kwenye foleni kama magari ya Ubungo. Sasa mama, kwa sababu moyo wake hupiga bila mpangilio, anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Kila mwezi hupimwa damu, na daktari huongeza au kupunguza kipimo. Dawa hiyo ikikwama kwenye foleni, inaendelea kufanya kazi, damu inazidi kuwa nyepesi, na mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani pasipo hata kujikwaa.

Nilikwenda pia kumuuliza mfamasia wa duka la dawa karibu na stendi, kijana mstaarabu. Nilipotaja mafuta yenyewe, aliangalia kulia na kushoto.

"Mwalimu, hiyo kitu hapa Bongo ni ishu. Sheria haiangalii kama inalewesha ama haileweshi. Sie hatuuzi, hatujui, na naomba usinitajie kwa sauti."

Nikaamua kusubiri siku ya kliniki nimuulize daktari, na kama angesema hapana, kichupa kingekwenda chooni. Nilijiona mtu wa busara kweli.

Wiki zile za kusubiri zilikuwa tamu. Mama alichangamka. Aliteremka bondeni na kupanda bila kushikwa mkono, akawa anarudi anaimba. Nilidhani ni kwa sababu mvua zilikuwa zimekata. Niliona doa jeusi kwenye mkono wake, akasema amejigonga mlangoni. Asubuhi moja niliona mswaki wake una rangi ya waridi, nikamwambia anapiga mswaki kwa nguvu mno, nikamnunulia mwingine laini. Mwalimu wa kemia mzima.

Siku ya kliniki tulikwenda wawili tu. Kwa kawaida mama huenda na rafiki yake, mama mmoja wa Kipare anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye mimi namwita mama mdogo. Ni mzee wa kanisa, mkali, vijana wanaokaa kwenye daraja la bondeni wakimwona huzima sigara. Mama yangu ni Mchaga, kwa hiyo wao hutaniana kutwa, huyu kwa kupenda pesa, yule kwa ubahili. Wana magoti mabovu wote wawili, wanakunywa dawa ileile ya damu wote wawili, na wakiwa kwenye benchi la kliniki huongea mpaka wauguzi huwaonya. Mwezi huo mama mdogo alikuwa Mbagala kwa binti yake aliyejifungua. Alikuwa amekwenda kusimamia shughuli ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, maana hakumwamini mtu mwingine kuifanya vizuri, na kliniki akaiacha ipite.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia mama shikamoo, akatazama majibu ya damu, akayatazama tena.

"Mama, damu yako imekuwa nyepesi mno. Kuna dawa nyingine yoyote unatumia?"

"Hapana, daktari."

"Mitishamba?"

"Mie? Mie ni Mkristo."

"Chakula je? Umebadilisha kitu, labda umeacha mboga za majani?"

"Mchicha wangu nakula kama kawaida."

Mimi nimekaa pembeni nafurahi mama yangu anavyojibu kwa ufasaha. Daktari akapandisha mkono wa gauni la mama, akaliona lile doa, na juu yake mengine mawili ambayo sikuwa nimeyaona. Akaweka kalamu chini. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani tu:

"Na watoto, mama? Watoto wamekutumia nini siku hizi?"

Uso wa mama ukang'aa. "Ah, watoto! Huyu wa Kanada amenitumia mafuta ya magoti. Mazuri kweli. Natiaga kwenye chai."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Hakuwa amesema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichanganya. Kwa mama, dawa ni kile kilichoandikwa na daktari na kutolewa dirishani. Alichokituma mwanawe hakikuwa dawa. Kilikuwa zawadi, na zawadi ya mtoto huwezi kuipeleka kwa daktari ukamuulize kama inafaa. Mimi nilikuwa nimesoma makala za nusu ya dunia na sikuwahi kumuuliza swali lile alilouliza yule daktari kijana.

"Si nilikwambia usiyaguse!" nilifoka, mbele ya daktari.

"Uliniambia nisiyaguse kwanza," akasema mama. "Nilikaa siku mbili nzima."

Kisha akaeleza. Kwetu mzigo wa kutoka ng'ambo haufunguliwi ukafichwa. Wanakuja majirani, wanauona, wanambariki mtoto aliyetuma, na kila mmoja anatoka na kitu. Nilikuwa shuleni walipokuja akina mama wa jumuiya. Chokoleti zikaisha, losheni ikaisha, hata zile soksi zikapata wenyewe. Halafu akafika mama mdogo, amechelewa.

"Kilichobaki ni kile kichupa," mama alisema. "Ningemwacha mwenzangu aende mikono mitupu? Nikammiminia nusu kwenye kichupa cha dawa ya macho, nilikisafisha kwanza. Na nikishampa yeye, mwenyewe nikae nayatazama tu?"

Daktari alitugeukia wote wawili. "Huyo mwenzako naye anakuja hapa kliniki?"

"Ndiye tunayekujaga naye."

Ndipo ikabidi nimwambie mama mafuta yale yametokana na nini. Nililisema lile neno kwa sauti ya chini, lakini alilisikia. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Bangi? Nimempa mzee wa kanisa bangi?"

Daktari alimtuliza. Alisema si sumu, na wala hajawa mvuta bangi, ila hayapatani na dawa yake, na kwa sheria zetu hataki hata kuyaona mezani kwake. Mama asinywe kidonge cha damu mpaka arudi kupimwa keshokutwa, asibebe kitu, asianguke. Na yule mwenzake atafutwe leo, aletwe.

Nilipiga simu ya mama mdogo. Haikuwa hewani. Yeye huiwasha jioni tu, kutunza chaji. Namba ya binti yake hatukuwa nayo. Nikasema nitakwenda Mbagala mwenyewe, mama abaki apumzike. Alikuwa ameshasimama.

"Mie ndiye niliyempa. Mie ndiye nitakayemwambia."

"Daktari kasema usihangaike."

"Daktari kasema nisianguke. Utanishika."

Nikaita teksi. Wakati tunaisubiri nilimrekodia mdogo wangu ujumbe wa sauti mrefu, wenye maneno ambayo mwalimu hayasemi, halafu nikaufuta nikamtumia mwingine mfupi kuwa mama anaendelea vizuri na asitume tena kitu cha kumeza. Maskini, alitaka tu mama yake aweze kutembea. Mimi pia nilikuwa nimetaka hivyohivyo.

Tukavuka Mtongani, njia ya kwenda Mbagala. Mama alikuwa ameubana mkoba wake tumboni kwa mikono miwili, na niliona yale madoa meusi, na niliogopa. Nilimwogopea yeye, na nilimwogopea mama mdogo, ambaye hakuwa na daktari wala mwalimu wa kemia huko aliko, na huenda alikuwa anatia mafuta yale kwenye chai kila asubuhi akimwombea mdogo wangu baraka.

"Na kama ameshaanza kutoka damu?" mama aliuliza, akitazama dirishani. "Yule hasemagi akiumwa. Unamjua. Atasema ni joto."

"Tutamkuta mzima."

"Miaka yote tumesali pamoja. Nikimuua kwa zawadi nitamwambia nini Mungu?"

Nikamshika mkono, upande usio na doa.

Mbagala tuliulizia nyumba aliko bibi mgeni mkali aliyekuja kumkanda mzazi, na mtu wa pili tuliyemuuliza akatuonyesha nyumba. Uani palikuwa pameanikwa nepi na khanga kamba nzima. Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kichanga amemlaza juu ya mapaja yake, anampaka mafuta ya nazi. Alikuwa hai na anamgombeza mtu jikoni kuhusu uji.

"Mchaga!" alisema alipotuona. "Umekuja kuchukua mjukuu wangu ukamuuze?"

Mama hakujibu utani. Nilimsogezea kiti akakikataa. Alisimama pale, ameshika nguzo ya kamba, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mwenzangu, nimekuja kukwambia kitu na ukitaka unifukuze, nifukuze. Yale mafuta niliyokupa ni ya bangi. Mie sikujua. Na yanagombana na dawa yetu ya damu. Tazama." Akapandisha mkono wa gauni. "Umeyatumia kiasi gani? Niambie ukweli. Unatokwa damu mahali? Usinifiche."

Mama mdogo aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Akanipa kichanga. Akajiinua kwa kushika ukuta, goti moja kwanza, kisha jingine, akaingia ndani. Mama akanitazama. Nilikuwa nimembeba mtoto wa watu anayenuka nazi.

Alipotoka alikuwa ameshika pindo la khanga lililofungwa fundo. Alilifungua taratibu kwa kucha, akatoa kichupa cha dawa ya macho, akakiinua juani tukione. Kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Hakikuwa kimeguswa.

Mama aliketi palepale mkekani, mzimamzima, bila kuomba kushikwa. "Mpare wewe!" akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Hata mafuta ya bure umeyabania!"

"Sikuyabania," alisema mama mdogo, akikaa kando yake, na sauti yake haikuwa ya utani. "Najua unavyogawa vitu vyako mpaka unabaki huna. Nikasema hayo ya kwako yakiisha, magoti yatakurudia, hutakuja jumuiyani. Nikakuwekea."